Jaketi za mvua za baiskeli baada ya marufuku ya PFAS

Umeuliza kama marufuku ya PFAS, kemikali zenye florini zinazotumika kufanya nguo zifukuze maji, itawaacha waendesha baiskeli wakilowa. Hapana, ila jaketi itadai matunzo zaidi, na mimi nayakubali kwa moyo mmoja, kwa sababu kemikali hizo haziozi, na zikishaingia kwenye maji tunayokunywa ni vigumu mno kuziondoa. California imezizuia katika nguo tangu Januari 2025, ikazipa nguo za mvua kubwa muda hadi 2028. Ufaransa ilichagua Januari 2026. Jaketi ya aina ya Gore-Tex Shakedry, iliyopendwa sana na waendesha baiskeli kwa wepesi wake, imeshasitishwa, na watengenezaji wake wameleta utando mpya wa poliethilini, yaani tabaka jembamba la plastiki ndani ya kitambaa.

Utando huo unazuia maji vizuri. Tofauti iko kwenye dawa ya juu ya kitambaa: isiyo na florini hufukuza maji lakini haifukuzi mafuta, kwa hiyo mafuta ya ngozi na uchafu wa barabarani hukifanya kitambaa kinyonye maji, jaketi ikawa nzito, mvuke wa jasho ukakosa pa kutokea, nawe ukahisi umelowa ingawa mvua haijapenya. Ifue mara kwa mara kwa sabuni ya maji isiyo na kilainishi, uisuuze sana, uikaushe kwa joto la wastani ikiwa lebo inaruhusu, na uipake dawa upya matone yanapoacha kuteleza.