Kalamu Mpeni Mama, Si Mumewe

Juzi tena. Mama yuko leba, mtoto amechoka, daktari ameshasema ni kupasua. Mkunga mwanafunzi yuko barazani, simu sikioni, anamtafuta mume aliye baharini huko Kiwayu ati aruhusu upasuaji. Wanangu, mtaniua kwa presha.

1. Idhini ni ya mama. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 9, inadai idhini ya mgonjwa. Mume, mavyaa, mjomba aliyelipa boti kutoka Faza, wote wapeni heshima na viti. Huyu wa juzi alikuwa ameshasema "nipasueni" mara mbili, akajibiwa, "Subiri mama, baba watoto hapatikani." Mavyaa naye kashika kikapu cha nguo za mtoto, hathubutu kusema neno bila mwanawe. Nikaipokonya fomu, nikangoja uchungu upite, nikaanza upya: ganzi ya mgongo, damu huenda ikahitajika, mimba ijayo ni lazima azalie hospitali. Akauliza swali moja tu: "Nitaamka?" Muda wote ule, hakuna aliyemwambia kwamba halazwi usingizi! Akatia sahihi mkono ukimtetemeka. Mume alipopatikana jioni akashangaa: "Kwani mlikuwa mkiningoja mimi?"

2. Kifungu cha 8 kinataka lugha anayoielewa. Kama ni Kiorma, tafuteni mkalimani, asiwe mwanawe mdogo.

3. Dharura. Mnakariri kwamba kuchelewa kukiweza kuleta kifo au madhara ya kudumu, twaruhusiwa kuendelea bila idhini. Malizieni sentensi: mradi mgonjwa hajakataa, kwa kauli au kwa vitendo. Mama akifunga mapaja na kuusukuma mkono wako, usiniandikie "hashirikiani". Kuongeza njia, yaani kumkata kidogo ukeni ili mtoto apite, pia huombwa, hata kichwa kikiwa kinaonekana.

4. "Tusimwambie, ataogopa." Nadine Montgomery, Uingereza, alikuwa na kisukari na umbo dogo. Hatari ya mabega ya mtoto kukwama ilikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari alinyamaza, akihofia angechagua upasuaji. Mabega yakakwama, mtoto akapata ulemavu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikampa mama haki: kipimo ni lile ambalo mama kama yeye angetaka kulijua. Majaji wetu hawafungwi na kesi ile, lakini kifungu cha 8 chatudai hatari hizo hizo.

5. Andikeni saa, aliyeeleza, na jibu la mama kwa maneno yake. Akikataa, andikeni vivyo hivyo, kisha msimnunie. Endeleeni kusikiliza mapigo ya mtoto, mkamuulize tena.