Je, mwanangu apewe jina la Kiskoti la marehemu baba mkwe?

Hujambo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, nina umri wa miaka 41, na ninaishi Inverness nchini Uskoti na mume wangu, ambaye kwao ni kisiwa cha Lewis. Ninatarajia kujifungua mtoto wa kiume baada ya miezi miwili, na madaktari wamenieleza kwamba huenda nisipate mwingine. Mume wangu anataka mtoto aitwe Ruairidh, jina la marehemu baba yake, ambaye kwenye cheti cha kuzaliwa aliandikwa Roderick. Mama yangu alipoliona jina hilo kwenye simu alishindwa kulisoma, na wifi yangu amenipendekezea majina ya Kiskoti anayosema ni mepesi: Calum, Hamish na Fergus. Ninaumia kwa sababu kwetu tulizaliwa wasichana watupu, dada zangu wamejaliwa mabinti, na hakuna mjukuu hata mmoja anayeitwa Njoroge kama baba yangu. Tena ninajiuliza ni nani atakayemwamini mtoto mweusi anayejiita Ruairidh. Je, nikatae?

Mwanangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na ninaona umefunga mambo mawili katika furushi moja: ugumu wa jina la Ruairidh, na uchungu wa jina la Njoroge ambalo, kwa jinsi ulivyoandika, huenda hujamtajia mumeo hata siku moja. Ugumu tutaumaliza upesi. Uchungu ndio unaohitaji muda.

Usimwandikie mama yako jina hilo, mtamkie. Tahajia ya Kigaeli, lugha ya jadi ya visiwa kama Lewis, humtisha kila asiyeizoea, kwa kuwa ina herufi ambazo kazi yake si kutamkwa bali ni kuonyesha jinsi herufi za jirani zinavyotamkwa. Ile dh ya mwisho kwa kawaida haisikiki, na sikio la mtu wa kwetu likilisikia jina lote litapokea kitu kilicho karibu sana na "Ruari". Mtu wa Nyeri anayesafiri hadi Nairobi akipita Ruiru na Ruaraka hawezi kushindwa na Ruari. Kwa kweli majina ambayo wifi yako anayaona mepesi ndiyo yatakayomsumbua mama, maana Kikuyu hakina sauti ya l, na Calum katika kinywa cha mzee wa kijijini atageuka Karumu kabla hajaanza kutambaa.

Sisemi kwamba majina hayo ni mabaya. Calum limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya njiwa, nalo linamkumbusha Mtakatifu Columba, aliyevuka bahari kutoka Ireland mwaka 563 akajenga monasteri katika kisiwa cha Iona. Hamish lina historia inayonigusa zaidi. Jina lenyewe ni Seumas, ambalo ni James kwa Kigaeli, lakini katika lugha hiyo mwanzo wa jina hubadilika unapomwita mwenyewe, kwa hiyo mama akimwita Seumas aje ndani atasema "a Sheumais", na wasiojua Kigaeli waliosikia mwito huo wakaandika Hamish. Ni jina lililozaliwa na sauti ya mtu anayeita. Hata hivyo, kwa jinsi ulivyonieleza, hakuna Calum wala Hamish anayesubiri kukumbukwa katika familia hiyo, na wepesi peke yake ni sababu ndogo mno ya kumpa mtoto jina atakalozikwa nalo.

Kuhusu maana, Ruairidh hufasiriwa kuwa ni muungano wa maneno mawili, ruadh, yaani mwekundu, na rìgh, yaani mfalme, na wekundu wenyewe ni wa nywele. Wapo wazazi wanaoogopa kumpa mtoto mweusi jina la namna hiyo. Mimi siogopi, na wewe usiogope, kwa sababu Waskoti wenyewe hawapimi majina yao ya ukoo kwa mizani hiyo: Cameron hufasiriwa kuwa pua iliyopinda na Campbell mdomo uliopinda, na watu wanayabeba kwa fahari. Mwanao atakapoulizwa shuleni amelipata wapi jina lake, atajibu kwamba ni la babu yake wa Lewis, na jibu hilo litakuwa kweli tupu. Rangi yake haimpunguzii haki ya kumrithi babu yake.

Sasa nije kwenye mila, maana umeandika kana kwamba mila ya mumeo inakuja kuimeza mila yako. Je, umewahi kuziweka kando kwa kando? Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, na wa pili kwa babu mzaa mama. Kwa Waskoti wa zamani utaratibu ulikuwa huo huo: wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wa tatu baba mwenyewe. Wanatofautiana kwa mabinti, kwa kuwa Mskoti alianza na bibi mzaa mama ilhali Mkikuyu huanza na bibi mzaa baba, lakini kwa wavulana wamekubaliana kabisa bila kuwahi kuketi pamoja. Ungezaa mtoto huyu Nyeri kwa mume wa Nyeri, bado angechukua jina la baba mkwe wako. Kwa hiyo sioni njia ya kukushauri ukatae jina la Ruairidh, kwa kuwa mila ya baba yako mwenyewe imekwisha kulikubali.

Lakini hapa ndipo ninaposimama upande wako. Mila zote mbili zilitungwa na watu waliotarajia watoto wengi. Foleni ya majina ina maana iwapo wa pili atakuja, na wewe umeambiwa huenda asije. Anayekuambia usubiri zamu ya baba yako anakuambia usubiri zamu ambayo pengine haipo. Kwa sababu hiyo mtoto huyu abebe majina yote mawili: Ruairidh Njoroge, na baada yake jina la ukoo la mumeo. Wala usiliombe jambo hili kama hisani. Waskoti wana desturi ya siku nyingi ya kumpa mtoto jina la ukoo wa mama yake kuwa jina la kati, ili upande wa mama usipotee kwenye karatasi, na mume wako akichunguza vyeti vya wazee wake ana nafasi nzuri ya kuikuta humo.

Kuna jambo jingine la kumweleza mumeo mnapoketi, ninyi wawili tu, bila wifi. Baba yake aliitwa Ruairidh nyumbani na Roderick kwenye cheti, kama Wagaeli wengi wa vizazi vilivyopita ambao majina yao yalisajiliwa kwa sura ya Kiingereza. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 haikukipa Kigaeli nafasi yoyote shuleni, na watoto walijifunza mapema kwamba jina la nyumbani lilikuwa la nyumbani tu. Sisi tuliokulia Kenya tunalijua jambo hilo bila kufundishwa, tuliokuwa na jina moja kwenye daftari la mwalimu na jingine la kuitiwa chakula. Mweleze kwamba unaelewa kwa nini anataka jina la baba yake liandikwe safari hii kama lilivyokuwa likiitwa, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo hutaki Njoroge abaki kuwa jina la kunong'onezwa kwenye simu. Nadhani atakusikia. Mwanamume anayemlilia baba yake anaweza kuelewa binti anayemwazia wake.

Usihofu kwamba mama mkwe atashindwa kulitamka. Herufi g katika Njoroge, kwa Kikuyu, hutamkwa kama gh ya neno ghali, nayo ni sauti inayowashinda Waingereza wengi lakini Kigaeli kinayo tele: mwenye kuzaliwa katika lugha hiyo huitoa kila anapomwita mtu aitwaye Dòmhnall. Ikiwa mama mkwe wako anazungumza Kigaeli, huenda akalitamka jina la baba yako vizuri kuliko majirani zako wote wa Inverness. Waunganishe yeye na mama yako kwenye simu siku moja kabla hujajifungua, kila mmoja amtamkie mwenzake jina la mume wake, na wewe usiwasahihishe.

Mambo haya yasingoje hospitali. Uskoti imeweka siku 21 za kusajili mtoto, ambazo ni nusu ya siku 42 wanazopewa watu wa Uingereza upande wa kusini, na mama aliyetoka kujifungua hazioni zikipita. Mkubaliane sasa, hadi kwenye tahajia, kwa kuwa Ruairidh huandikwa pia Ruaridh na Ruaraidh. Mimi ningefuata ile iliyo kwenye jiwe la kaburi la baba mkwe, kama ipo. Siku ya kusajili, nenda na mumeo ikiwa nguvu zinaruhusu, usome kila herufi kabla ya kutia sahihi, na uhakikishe kwamba Njoroge ameandikwa kikamilifu, wala si herufi N na nukta.