Maswali na Majibu: Mhusika na Wimbo Wake

Nina filamu ya kwanza ya Star Wars lakini ile machi (muziki wa gwaride) ya yule mwovu Darth Vader haisikiki. Nimeuziwa nakala iliyokatwa? (Morogoro)

Haijakatwa. Mtunzi John Williams aliitunga machi hiyo kwa ajili ya filamu ya pili, ya 1980. Ile ya 1977 haina. Swali hili nimelijibu mara nyingi. Tafadhalini, tazameni kwa masikio pia.

Kila mhusika lazima awe na wimbo wake?

Hapana.

Wimbo wa papa kwenye Jaws ni noti mbili tu. Hiyo nayo ni kazi ya kusifiwa? (Mombasa)

Ndiyo, na sana. Usihesabu noti, angalia zinalia lini. Katika filamu hiyo ya 1975, watoto wawili wanawatisha waogeleaji kwa pezi la bandia. Watu wanakimbia, wanakanyagana, lakini muziki wa papa haupo, kwa sababu papa hayupo. Mtazamaji anajifunza kuuamini muziki. Baadaye mkuu wa polisi anamwaga chambo baharini, na papa anaibuka ghafla bila noti hata moja. Mshtuko ule umetokana na uaminifu uliotangulia. Kama Williams, aliyetunga muziki wa Jaws pia, angepiga noti zake kila maji yakitikisika, pale tusingeshtuka.

Naandaa filamu fupi. Nimepata mtandaoni wimbo wa huzuni, nataka uingie kila mama mjane anapotokea. Unashaurije? (Dar es Salaam)

Nashauri uache. Kwanza, wimbo una mwenyewe. Bila ruhusa yake filamu yako inaweza kuondolewa siku yoyote. Pili, hili ndilo gonjwa la tamthilia zetu: wimbo uleule, kwa sauti ileile, mjane akilia, akipika, akifungua mlango. Kufikia sehemu ya tatu haumwambii mtu chochote.

Wimbo wa mhusika lazima ubadilike naye. Vader anapokufa katika filamu ya 1983, machi yake iliyotutisha kwa matarumbeta inarudi polepole kwa kinubi. Noti ni zilezile, ila mtu amekuwa mwingine. Na ukitaka mjane, mtazame Radha wa Sholay (1975). Usiku anazima taa moja baada ya nyingine, ng'ambo Jai amekaa anapuliza kinanda cha mdomo. Muziki ni wa R. D. Burman. Hawasemezani, na mapenzi tunayaona. Wazazi wetu waliojaza kumbi za sinema kutazama filamu za Kihindi waliyaelewa bila tafsiri.

Mtafute mpiga gitaa mmoja wa mtaani kwako, mlipe, akutungie noti tano. Kisha uzitumie mara tatu tu.

Ngoma ya mfalme T'Challa kwenye filamu ya Black Panther ni ya Kenya au Tanzania?

Si ya kwetu. Ni tama ya Senegal, ngoma ndogo ya kubana kwapani, na aliyeipiga ni Massamba Diop. Mtunzi, Ludwig Göransson, alisafiri hadi Senegal akajifunza kwa kuongozana na mwanamuziki Baaba Maal. Killmonger, adui wa T'Challa, mtunzi huyo alimpa filimbi ya Wafulani akiichanganya na midundo ya hip hop, maana kijana yule ana asili ya Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, lakini kalelewa Marekani. Acheni kuandika "ngoma za Kiafrika" kana kwamba bara zima lina ngoma moja. Mswidi kavuka bahari kuitafuta tama. Sisi zeze na ilimba za Wagogo ziko Dodoma, na watunzi wetu bado wanabonyeza kinanda cha umeme.

Mtindo huu wa kumpa mhusika wimbo wake ulianzia Hollywood?

Ulianzia kwenye opera. Mtunzi Mjerumani Wagner aliutumia kwa upana katika opera zake nne za Der Ring des Nibelungen, iliyoonyeshwa nzima mara ya kwanza mwaka 1876. Mtunzi Max Steiner aliupeleka kwenye filamu ya King Kong, 1933.

Nianze kujifunza na filamu ipi? (Bujumbura)

M ya Fritz Lang, 1931. Muuaji ana mazoea ya kupiga mluzi wa kipande kimoja cha mtunzi Grieg, na anayemtambua ni muuza maputo kipofu. Haina muziki wa usuli, kwa hiyo hakuna kitakachokuchanganya.