Grandimasta wa kwanza mwanamke: Nona au Susan?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Binti yangu wa Gredi ya Saba ametengeneza bango la klabu yao ya sataranji. Ameandika kwamba mwanamke wa kwanza kuwa grandimasta ni Nona Gaprindashvili wa Georgia, mwaka 1978. Mwenzake akambishia kuwa ni Susan Polgar, 1991. Kila mmoja anasema ameyasoma. Nani yuko sahihi? – Mzazi, Buruburu, Nairobi

JIBU: Sijambo, mama. Bango lisifutwe, Nona ndiye wa kwanza. Lakini yule mwenzake naye hakubahatisha, maana Susan ana jambo lake alilotangulia. Utata uko kwenye hesabu.

Ugrandimasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, hudai vitu viwili. Cha kwanza ni kiwango cha Elo, yaani alama zinazopima nguvu ya mchezaji, ambacho leo ni 2500. Cha pili ni nomu, yaani shindano ambalo mchezaji amecheza kwa ubora wa grandimasta. Kwa kanuni za sasa matokeo yake yawe ya kiwango cha 2600, na theluthi ya wapinzani wake, wasiopungua watatu, wawe magrandimasta wenyewe. Nomu zikijumlishwa zifikishe mechi 27. Enzi za Nona zilitakiwa 24.

Mwaka 1977 Nona alikwenda Lone Pine, California, kucheza shindano la watu 45, wengi wao magrandimasta. Alipata pointi 6.5 katika raundi 9, akamaliza kileleni sawa na wanaume watatu. Hiyo ilikuwa nomu yake ya pili. Jumlisha mechi za nomu zote mbili, unapata 23. Imepungua moja! Shirikisho la kimataifa, FIDE, lilipima uzito wa matokeo hayo, likaona yanalingana na mechi 24, na mwaka 1978 likampa cheo.

Wapo wanaosema alionewa huruma. Hilo silikubali hata kidogo. Aliyeongoza meza iliyojaa magrandimasta kwa raundi 9 ameshajibu swali ambalo nomu iliwekwa kuliuliza. Tena hakuwa mgeni wa ushindi: mwaka 1962, akiwa na miaka 21, alimnyang'anya Elisaveta Bykova ubingwa wa dunia wa wanawake kwa pointi 9 kwa 2, bila kupoteza mechi hata moja, akaushikilia mpaka 1978 aliposhindwa na Maia Chiburdanidze, Mgeorgia mwenzake wa miaka 17. Maia naye akawa grandimasta mwaka 1984.

Kwa hiyo Susan, wa Hungaria, ni wa tatu. Sifa yake ni kwamba Januari 1991 alitimiza masharti yote, nomu na Elo, kwa njia ya kawaida, bila shirikisho kulazimika kulegeza kanuni. Hapo hakutanguliwa na mwanamke yeyote.

Mwambie binti pia asichanganye vyeo. Kuna "grandimasta wa wanawake", cheo cha Elo 2300 kilichotengwa kwa wanawake peke yao. Kile cha 1978 hakina jinsia. Ni kilekile wanachopewa wanaume.

Chini ya picha ya Nona aongeze mstari huu: "Susan Polgar, 1991, wa kwanza kukamilisha nomu na Elo kwa njia ya kawaida." Hapo wote wawili watakuwa wamesema kweli.