Nanga haishiki kwa uzito: kwa anayeanza na boti ndogo Tanga

Mtu akinunua boti yake ya kwanza, faiba ya mita 6 yenye injini ya nyuma, pesa zote huishia kwenye injini. Nanga hukumbukwa siku ya kushusha majini, ikaokotwa yoyote iliyopo: makucha manne ya nondo yaliyochomelewa mtaani, kamba ya plastiki mita 20, safari ikaanza. Siku injini itakapozima nje ya Ras Kazone, na upepo wa kusi ukawa unaisogeza boti mwambani, kile chuma ndicho breki pekee iliyobaki.

Wengi hudhani nanga hushika kwa uzito. Hebu fikiri: kilo 7 zitazuiaje boti ya karibu tani moja pamoja na watu wake? Nanga hushika kwa ncha zake kuzama ardhini, na ncha huzama pale tu nanga inapovutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu, inang'oka. Ndiyo maana ukitaka kuondoka unasogeza boti mpaka kamba isimame wima, na nanga inaachia bila ugomvi. Urefu wa kamba, mnyororo, kina cha maji, vyote ni hesabu ya kuufanya mvuto ulale chini.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua kina cha maji, ongeza urefu wa omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kutoka usawa wa maji mpaka pale kamba inapofungwa, ongeza maji yatakayopanda kabla hujaondoka. Jumla hiyo zidisha kwa 5 kama hali ni shwari na una mnyororo, kwa 7 kama sehemu kubwa ni kamba au upepo umechangamka, kwa 10 kama imebidi kukaa kwenye dhoruba. Kwa 7, kamba huvuta kwa pembe ya nyuzi kama 8 tu kutoka ardhini. Kwa 3 pembe inafika nyuzi 19, na hapo nanga nyingi huanza kuachia.

Kinachowaangusha wageni wa bahari ya hapa ni ile sehemu ya tatu, maji yatakayopanda. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Tanga hupita mita 3. Na bamvua ina saa zake: maji hupwa sana kwenye saa 4 hadi saa 5 asubuhi, hujaa kwenye saa 10 hadi saa 11 jioni. Sasa tazama mtego. Umefika karibu na kisiwa cha Yambe saa 4 na nusu asubuhi, umepima kina mita 3, omo mita 1, jumla 4. Umezidisha kwa 5, ukaachia kamba ya mita 20, ukaridhika. Saa 10 jioni maji yamepanda mita 3.3, jumla imekuwa 7.3, na mita zako 20 hazifiki hata mara 3. Saa hizohizo ndipo upepo wa baharini huwa umekolea. Boti inaanza kuburuta nanga huku watu wanapanga samaki. Asubuhi ile ulitakiwa kutoa mita 37 kwa uchache, na kwa kipimo cha 7, mita 51. Kwa hiyo mwenye kamba ya mita 20 hana kamba. Anza na 60.

Mtego wa pili ni wa kinyume chake: kutia nanga maji yakiwa yamejaa kwenye kina cha mita 4, kisha kulala. Maji yakitoka mita 3.3, umebakiwa na sentimita 70. Dau la mbao litakaa kwenye tope lisubiri. Faiba yenye propela chini itavunja kitu.

Maji nayo hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati, na mkondo huwa mkali kuliko wakati wowote, hasa kwenye milango kati ya visiwa na miamba. Mgeni asijifunze kutia nanga saa hizo. Na kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50, hivyo ratiba ya juzi si ya leo.

Kuhusu kamba: nailoni, milimita 12 kwa boti ya mita 6 hadi 8. Nailoni hunyumbuka, mshtuko wa wimbi huishia kwenye kamba badala ya kufika kwenye nanga. Ile ya plastiki ya buluu au kijani ni rahisi, lakini inaelea. Inainua mvuto, na ikilegea huja juu kuitafuta propela. Kati ya kamba na nanga weka mnyororo usiopungua urefu wa boti. Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa kilo 1.4 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 6 ni kilo 8 na zaidi. Huo ndio uzito wenye faida, kwa sababu unalaza mvuto na hausagwi na matumbawe kama kamba. Pini ya kiungo cha mnyororo na nanga ifunge kwa waya, maana hujifungua yenyewe kwa kutikisika. Na ule mwisho wa kamba ulio ndani ya boti ufungwe kabla ya nanga kugusa maji. Utacheka, lakini nanga hupotea hivyo, na kamba yake yote ikiifuata.

Nanga gani sasa? Jibu liko chini ya maji, si dukani. Chukua bildi, ile risasi ya kupimia kina, au risasi ya mshipi ya nusu kilo, ipake grisi chini, iteremshe. Ikirudi na mchanga au tope unajua ulipo. Ikirudi safi na mikwaruzo, ni mwamba.

Kwenye mchanga, na kwenye tope kama la midomo ya mito ya Mkulumuzi na Sigi, nanga bapa ya aina ya Danforth haina mshindani kwa uzito wake. Kilo 5 hadi 7 zinatosha boti ya mita 6, na inakunjika. Udhaifu wake ni majani ya baharini: huteleza juu yake, au fungu la majani hujibana kwenye bawa na nanga haishiki tena. Pia boti ikigeuka huweza kung'oka na kushindwa kurudi. Bruce, yenye kiganja cha vidole vitatu, inashika haraka na boti ikigeuka inajifukia tena, ila inataka uzito zaidi kwa kazi ileile, kilo 7 hadi 10. Ya umbo la jembe, CQR, ilibuniwa na Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor mwaka 1933 kwa ajili ya ndege zinazotua majini. Ni nzuri, lakini nzito na haikunjiki ikawa bapa, na kwa boti ndogo hatuoni sababu ya kuihangaikia.

Makucha manne ya nondo yasidharauliwe. Kwenye mawe ndiyo yanayonasa, na yakinaswa, kucha hunyooka ukivuta kwa injini na chuma kinarudi. Kwenye mchanga hulima mifereji tu. Baura, nanga kubwa ya chuma, waachie wenye majahazi. Jiwe ni la kuvulia mshipi siku ya shwari, huku mtu akiwa macho.

Matumbawe hai hayatiwi nanga kabisa. Tafuta sehemu ya mchanga pembeni, au boya kama lipo. Eneo kubwa la bahari kusini ya mji limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyopewa jina la samaki wa kale wa kina kirefu, tangu mwaka 2009, kwa hiyo hili si suala la huruma kwa samaki pekee.

Kutia nanga: ielekeze omo kwenye upepo, au kwenye mkondo kama ndio wenye nguvu, kisha uache boti isimame. Ikianza kurudi nyuma, teremsha nanga kwa mkono. Ukiirusha, mnyororo huiangukia na kuisokota. Toa kamba taratibu boti ikirudi. Ikifika mara 3 ya kina ishike kidogo ili ncha zigeuke na kuingia, halafu toa iliyobaki, ifunge kwenye omo, rudisha injini nyuma polepole mpaka nusu ya nguvu. Weka kiganja juu ya kamba: ikitetemeka kama gari kwenye barabara ya mawe, nanga inaburuta. Ikikaza na kutulia, imeshika. Chagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mnazi na paa la nyumba nyuma yake. Vikiachana na kuendelea kuachana wakati omo haijageuka, unasafiri.

Usifunge nanga kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, hata kwa dakika 5. Tezi ya boti ya injini ni fupi, imekatwa kupokea injini, na tayari imebeba uzito wake. Nanga ikiishikilia chini, mawimbi hayaipandishi, yanaingia. Maji ya wimbi la kwanza huishusha tezi zaidi, la pili huingia bila kubisha hodi. Boti huzama kwa namna hii bahari ikiwa ya kawaida tu.

Ukilala nje, kumbuka upepo wa usiku hutoka nchi kavu. Boti itageuka upande wa pili wa nanga, kwa hiyo duara lote unalozunguka liwe na kina, bila boti nyingine wala mwamba.

Kwenye mawe, funga kamba nyembamba kwenye kitako cha nanga, mwisho wake uelee na kidumu cha lita 5. Nanga ikinasa, vuta hiyo. Kisu kikae omo, si kwenye sanduku. Ukilazimika kukata, funga kidumu kwenye mwisho wa kamba kwanza, kisha kata, urudi na mzamiaji saa 4 asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamepwa.