Hela anayoachiwa mhudumu: bakshishi, chai au takrima?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu katika mkahawa mmoja Dar es Salaam. Bosi ametaka kila meza iwekwe kikaratasi cha Kiswahili kuhusu ile hela ambayo mteja humwachia mhudumu akishakula. Rasimu ya kwanza ilitoka kwenye programu ya kutafsiri, ikasomeka "Vidokezo havijajumuishwa". Tukacheka, tukaibadilisha ikawa "Kiinua mgongo ni hiari". Mwenzangu akapendekeza "Chai ya mhudumu ni hiari yako", bosi akakataa, akasema tutaonekana tunaomba rushwa. Neno sahihi ni lipi? Na mteja akiniuliza aache ngapi, nimjibu vipi kwa Kiswahili kizuri?

JIBU: Marahaba. Andikeni bakshishi. Ila kwa kuwa mmeshapita kwenye maneno matatu kabla ya kufika kwangu, hayo nayo yanastahili kuelezwa, maana kila moja limeanguka kwa sababu yake.

Vidokezo tuyamalize haraka. Kidokezo ni habari fupi ya kumsaidia mtu: vidokezo vya mtihani, vidokezo vya mapishi. Kiingereza kina neno moja, tip, linalobeba kidokezo, ncha ya kitu na hela ya mhudumu, nayo programu ikaokota maana iliyokuwa karibu. Mshukuru haikuokota ncha.

Kiinua mgongo lilikaribia kidogo, na nadhani lilitoka kwenye kamusi ya lugha mbili, mahali ambapo neno moja la Kiingereza, gratuity, hupewa visawe viwili bila maelezo. Lakini Mtanzania akisikia kiinua mgongo anamfikiria mstaafu, au mbunge anayemaliza miaka yake mitano na kulipwa mkupuo. Ni malipo ya mwisho wa utumishi, na aliyelipwa ana haki ya kuyadai. Mteja wenu akikuta kiinua mgongo mezani atauliza nani anaagwa leo.

Sasa bakshishi. Asili yake ni Kiajemi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutoa na pia kusamehe, na neno lenyewe limetembea sana: Waturuki wanalo, Waarabu wanalo, Bara Hindi wanalo, nasi wa pwani hii tukalipokea. Baadhi ya kamusi zina pia umbo la bahashishi, na si kosa, ingawa siku hizi bakshishi ndilo linalochapishwa zaidi. Liko katika ngeli ya i-/zi-: bakshishi hii, bakshishi hizi, bakshishi yangu imepotea. "Mabakshishi" nimeyasikia; yaacheni huko huko. Halina kitenzi chake, kwa hiyo mtu hutoa bakshishi, humpa mhudumu bakshishi au humwachia. Na maana yake inawafaa kabisa: hela ya ziada, ya hiari, inayotolewa kwa kuridhika na huduma ambayo tayari imelipiwa.

Hapa ndipo mwenzako mwenye "chai" atanuna, naye ana hoja. Nani kati yetu amewahi kumwambia mhudumu "pokea bakshishi yako"? Mdomoni tunasema "hii ya soda", "hii ya maji", "ya vocha hiyo", "chukua ya nauli", na Kenya utasikia "hii ya lanchi". Kiswahili cha mazungumzo hakiitaji hela hiyo kwa jina. Kinataja kitakachonunuliwa nayo. Wala si sisi peke yetu. Wafaransa huiita pourboire, yaani ya kunywa. Wajerumani wana Trinkgeld, hela ya kinywaji. Warusi, kama sisi, wameiweka kwenye chai. Kiswahili cha Kongo kina matabishi, nalo limetokana na Kireno mata-bicho, ambacho ni kile kinywaji cha kufungulia asubuhi. Inaonekana wanadamu wengi huona aibu kumpa mtu hela mkononi mpaka waisindikize na kikombe.

Kwa hiyo chai ni Kiswahili safi. Bosi wako amekosea kama anadhani neno lenyewe lina najisi, lakini kuhusu kikaratasi yuko sahihi kabisa. Tofauti ni nani anayelitamka, na lini. Mteja ameshakula, ameshalipa, anasimama na kusema "hii chai yako": hapo neno liko katika kinywa cha mtoaji, na kazi imekwisha. Linganisha na karani anayeshikilia faili lako na kukuuliza "na chai yangu?" Neno ni lile lile, ila sasa linatoka kwa mpokeaji, tena kabla ya kazi. Hiyo ndiyo chai ambayo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, inaikemea, ile ambayo Wakenya huiita kitu kidogo na wengine mlungula. Kikaratasi chenu kinazungumza kwa niaba ya nani? Kwa niaba ya mpokeaji, na mteja anakisoma kabla hata ya kuagiza. Mkiandika chai hapo, mmeihamisha kutoka kinywa cha mgeni hadi kinywa cha karani.

Takrima hukuitaja, ila najua kuna atakayeipendekeza, kwa kuwa inasikika ya heshima. Ilikuwa ya heshima kweli. Ni jamaa ya ukarimu na karama, na kwa asili takrima ni yale anayofanyiwa mgeni ili ajisikie ametukuzwa: chakula, kinywaji, mahali pa kulala. Angalia mwelekeo wake: takrima humtoka mwenyeji kwenda kwa mgeni. Bakshishi humtoka mgeni. Hilo pekee linatosha kuliondoa mezani kwenu. Lakini pia lina kovu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa namna ya kawaida ya kimila asihesabiwe ametoa rushwa. Kipengele hicho kikaitwa takrima na kila mtu, na kampeni za 2000 na 2005 zikaenda nacho. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakakipinga mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kwa kukiuka Katiba. Sheria ikaondoka, ila neno halikurudi kama lilivyokuwa. Leo mtu akisema "walipewa takrima", nusu ya wanaomsikiliza hutabasamu.

Kuna jingine zuri ambalo tumelipoteza njiani. Waswahili wa zamani walikuwa na tunza kwa maana ya zawadi ya kuridhishwa, na kitenzi tuza bado kinaishi kwenye taarabu: mwimbaji akigusa moyo, watu hunyanyuka na kwenda kumtuza. Ningefurahi kuona wahudumu nao wanatuzwa. Tatizo ni kwamba tuzo imeshahamia kwenye majukwaa ya washindi, na "tuzo ya mhudumu" itasomeka kama mashindano ya mhudumu bora wa mwaka.

Na tipu? Hili ndilo neno la kazini. Waongoza watalii Arusha wanasema tipu, na wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro, ambao vitabu huwaita wapagazi, nao huzungumzia tipu ya safari. Sioni sababu ya kupigana nalo katika mazungumzo. Katika maandishi kwa wateja wa kila namna, bakshishi inaeleweka na wengi zaidi. Ila msije mkaunda kitenzi "kutipa" kutokana nalo: tipa kwetu ni lori la mchanga.

Kuna mahali pamoja ambapo ningechagua tipu kuliko bakshishi bila kusita, nako ni Marekani. Kule sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea tipu dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Yapo majimbo yanayomlazimisha alipe kima cha chini chote, California likiwamo, lakini katika mengine sehemu kubwa ya pato la mhudumu iko mkononi mwa mteja. Ndiyo maana huko asilimia 15 hadi 20 ya bili ni jambo la kutarajiwa, na anayeondoka bila kuacha kitu huonekana amekula jasho la mtu. Bakshishi yetu ina maana ya hiari na ziada. Hela ambayo bila hiyo mtu hapati kodi ya nyumba si ziada, kwa hiyo Waswahili wa kule wanaosema tipu wanaonyesha tofauti iliyo ya kweli.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili. Mteja akikuuliza "nikuachie ngapi?", kumbuka kwamba katika adabu yetu mpokeaji hataji kiasi. Majibu yapo tayari: "utakachojaaliwa", "chochote tu", "mwenyewe tu bosi". Ni mazuri kwa Mswahili, kwa sababu yeye hahesabu asilimia hata siku moja. Bili ikiwa 37,000 anatoa 40,000 na kusema "hiyo nyingine yako". Ukipiga hesabu ni karibu asilimia 8, lakini yeye hakupiga. Alikwepa tu kusubiri noti ndogo. Kwa mama lishe hata hilo halipo. Pale shukrani ni kurudi kesho, na ukimwachia mia tano atakukimbiza akirudisha chenji yako.

Mgeni aliyetoka nchi ya asilimia lakini "utakachojaaliwa" linamtesa. Hajui ajaaliwe kiasi gani. Huyo usimtajie unachotaka wewe; mweleze desturi: "Hapa hakuna kiwango maalumu. Wengine huacha asilimia 10 ya bili, wengine huacha chenji, na asiyeacha hana kosa." Ni kweli, kwa kuwa wageni wanaokula kwenye mikahawa ya kitalii huku kwetu hushauriwa kiasi cha asilimia 10, na hakuna anayewafuata mlangoni wakiacha pungufu. Na ni asilimia kumi *ya* bili. Siku hizi nasikia "asilimia kumi kwa bili" na hata "asilimia kumi juu ya bili". Ya kwanza ni uzembe. Ya pili inaweza kupita kama unamaanisha nyongeza, lakini kwenye kikaratasi itamchanganya mtu.

Msichanganye pia bakshishi na ada ya huduma. Ada ya huduma huchapishwa kwenye bili na mkahawa wenyewe, na mteja akiikuta imo analipa. Wapo wanaoona ile asilimia 18 ya VAT, au 16 wakiwa Kenya, wakadhani ni fungu la mhudumu, kisha wakaondoka na dhamiri safi. Hilo fungu ni la serikali. Kwa hiyo ningeandika hivi kwenye kikaratasi: "Bili yetu haina ada ya huduma. Ukipenda kumwachia mhudumu bakshishi, ni hiari yako." Sentensi mbili, hakuna "tafadhali", hakuna "tunaomba". Mkisema "bakshishi haijajumuishwa" mnadokeza kwamba ilipaswa kuwemo, na hapo hiari imeshapungua.

Angalia pia nimeandika *kumwachia*. Hiki ni kijikosa kinachoonekana kwenye matangazo mengi: "Unaweza kumwacha mhudumu bakshishi". Kumwacha mhudumu ni kuondoka bila yeye, na katika hoteli za pwani maneno hayo yanaweza kufasiriwa vibaya sana. Kauli ya kutendea ndiyo inayobeba hela: mwachie, nimemwachia, umeniachia. Kosa jingine la jamaa hiyo hiyo ni "weka chenji", ambalo vijana hulitoa Kiingereza moja kwa moja. Ukiambiwa weka chenji unauliza niiweke wapi. Kiswahili kina "chenji baki nayo", "usirudishe chenji", au lile fupi kuliko yote, "yako hiyo".

La mwisho hukuliuliza, ila litawafika kwa sababu wateja wengi sasa hulipa kwa simu. Lipa Namba iliyobandikwa mezani ni ya mkahawa, na bakshishi inayopita humo huingia kwenye mauzo ya bosi. Kama mnaruhusiwa kupokea kwenye namba zenu wenyewe, tofautisheni vitenzi kwenye kikaratasi: mteja *hulipa* bili kwa Lipa Namba, lakini *humtumia* mhudumu bakshishi kwa namba ya mhudumu. Msiandike "lipa bakshishi hapa", kwa maana kinacholipwa ni deni.