Umbo au Kiungio: Siri ya Viti vya Wegner

SWALI: Mhariri, kila andiko ninalosoma kuhusu Hans J. Wegner, mbunifu wa samani wa Denmark, husifu umbo la viti vyake. Je, umbo pekee linatosha kueleza kwa nini viti alivyobuni mwaka 1949 vingali vikitengenezwa na kuigwa hadi leo?

JIBU: Halitoshi. Wegner, aliyezaliwa mjini Tønder mwaka 1914, alijifunza useremala kabla ya kuwa mbunifu, na umbo la viti vyake lilitokana na jinsi mbao zinavyokubali kukatwa, kupindwa na kuungwa.

Chukua Kiti cha Mviringo, ambacho watu wengi walikiona mwaka 1960 katika mdahalo wa televisheni kati ya Kennedy na Nixon, wagombea urais wa Marekani. Mikono na egemeo lake huonekana kama ubao mmoja uliopinda, kumbe ni vipande vilivyoungwa. Katika toleo la kwanza Wegner alilizungushia egemeo henzirani, yaani vipande vyembamba vya mmea wa kusukia, ili kuvificha viungio. Baadaye akabuni kiungio cha meno yanayoshikana, akaiondoa henzirani na kuiacha kazi ya fundi ionekane wazi. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ni urithi mkubwa kuliko umbo lolote alilolichora, kwa kuwa sehemu ambayo maseremala wengi wangeifunika ndiyo iliyogeuka kuwa pambo.

Ndivyo ilivyo pia katika kiti chake cha CH24, ambacho kampuni ya Carl Hansen & Søn imekuwa ikikitengeneza tangu mwaka 1950. Kipande cha mgongoni chenye umbo la herufi Y, ambacho ni rahisi kukidhania kuwa ni urembo tu, hulitegemeza egemeo jembamba lililopindwa kwa mvuke, na kikalio husukwa kwa mikono kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa takriban mita 120.

Kuhusu kuigwa, Wegner mwenyewe alijifunza kwa wengine: CH24 ni matokeo ya viti alivyovibuni kuanzia miaka ya 1940 akivutiwa na viti vya China vya enzi ya Ming. Hata hivyo hakuvinakili. Alivipunguza na kuvirahisisha hadi vikawa vyepesi. Kwa hiyo ukikutana na kiti kinachosemekana kufuata mtindo wake, usiishie kutazama mpindo wa egemeo, bali kiinamishe, ukague mahali miguu inapokutana na fremu, na uone kama aliyekitengeneza aliufikiria uimara wa pale.